Seti ya sarafu za shaba za Roma: nimeagiza, imefika Mwanza, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na jibu kwa asiye na muda wa kusoma yote: ndiyo, nunua, ila usinunue kwa wingi, nunua kwa picha. Ngoja nieleze.

Naongelea seti ya sarafu kumi za shaba za dola ya Kirumi, zote za karne ya nne, niliyoagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa Uingereza. Zinakuja kwenye kadi ngumu yenye vidirisha vya plastiki, kila sarafu na kikaratasi chake kinachosema ni ya Kaisari gani na imetoka karakana ya mji gani. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari hapa Mwanza, miaka yote nafundisha mambo ya madola ubaoni kwa maneno matupu, dola hii ikapanda dola ile ikaanguka, nikawa natamani sana kitu cha wanafunzi kushika mkononi, na vitu vya Roma huku hatuna, Bujora pale Kisesa wana ngoma na viti vya watemi na ni pazuri mno lakini hiyo ni historia nyingine. Basi nikaagiza. Seti ilinitoka kama laki na sitini kwa pesa yetu, usafiri sikulipia maana binamu yangu anaishi huko na alikuwa anakuja likizo, akaibeba kwenye begi pamoja na risiti. Nikaongeza na sarafu moja kubwa peke yake, ya Aleksandria, hiyo nitaifikia, ndiyo hasa iliyonifanya nikae niandike.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza: sarafu ya miaka 1,700 inakuwaje elfu kumi na sita? Si feki hiyo? Sio feki. Sababu ni kwamba hizi shaba zilitengenezwa kwa wingi wa kutisha, karakana zaidi ya kumi zikipiga kwa wakati mmoja kuanzia Uingereza na Ufaransa ya leo hadi Antiokia na Misri, na watu wa zamani walikuwa wakiweka akiba chini ya ardhi, wengine wakafa au wakakimbia vita hawakurudi kuchukua. Mwaka 2010 kule Frome, Somerset, Uingereza, kilipatikana chungu kimoja tu shambani, ndani yake sarafu 52,503, karibu zote za shaba. Chungu kimoja! Kwa hiyo hazina uadimu, na ninyi msikubali muuzaji anayekupandishia bei kwa sababu tu "ni ya kale sana". Ukale wenyewe sio bei. Kinachopandisha bei ni picha inavyoonekana.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Hizi sarafu zilipigwa kwa mkono, kipande cha shaba cha moto kinawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, nyundo inashuka, basi. Ndio maana hakuna mbili zinazolingana, nyingine kichwa kimeegemea upande, nyingine herufi za mwisho zimetoka nje ya ukingo. Lakini mwenye muhuri alijua anachosema. Mkulima wa Misri au mchungaji wa milima ya Uhispania asingemuona Kaisari maisha yake yote, wengi hata kusoma walikuwa hawajui, sura ya mtawala pamoja na ujumbe wake wa mwaka ule vilimfikia sokoni pale anaporudishiwa chenji ya mboga. Ukilijua hilo unaanza kuzisoma tofauti, huoni tena vipande vya shaba vyeusi, unaona serikali inaongea.

Chukua sura tu kwanza. Kabla ya Kaisari Konstantino, Kaisari Diocletian na wenzake watatu waliogawana utawala kuanzia mwaka 293 wote wanaonekana vilevile, shingo nene, ndevu fupi, taya la mraba, huwezi kujua yupi ni yupi bila kusoma jina, na hiyo ilikuwa makusudi, walitaka watu waone utawala mmoja na sio watu wanne. Konstantino akaja akanyoa ndevu, uso laini kama kijana hata alipokuwa mzee, na kuanzia miaka ya 320 akaanza kuvaa diadema, ule utepe wa kifalme unaofungwa nyuma ya kichwa. Kwenye seti yangu ipo moja ambayo ukiiweka chini ya lenzi unahesabu lulu za diadema moja baada ya nyingine, na ncha mbili za utepe zinaning'inia shingoni. Sarafu yenyewe ni ndogo kuliko hamsini yetu.

Lenzi niliipata kwa sonara. Nilitaka kuzipima uzito, na Mwanza kwa mizani ya usahihi hatujambo, dhahabu ya kanda nzima inapita hapa. Nikaenda kwa mzee mmoja mjini ninayemfahamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo umeokota dhahabu?"

"Hapana mzee, shaba."

"Shaba peleka Makoroboi, watakutengenezea kibatari."

Nikamwekea mezani ile yenye askari wawili. Alipoiweka chini ya lenzi akaacha utani, akamwita kijana wake aje aone, akaniuliza hawa askari wameshika nini katikati. Ni bendera za jeshi. Sarafu hiyo imeandikwa GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, askari wawili wamesimama wanatazamana na mikuki na ngao, katikati bendera mbili. Ilianza kupigwa mwaka 330. Kwenye seti zipo mbili za aina hiyo, na ya pili ina bendera moja tu katikati. Mzani wa mzee ukasema: ya bendera mbili gramu 2.4, ya bendera moja gramu 1.5. Akatikisa kichwa, akasema, "Hawa walikuwa wanapunguza." Na ni kweli kabisa, kwenye mwaka 335 au 336 hivi serikali ilipunguza uzito wa sarafu, duara likawa dogo, bendera mbili hazienei, wakaacha moja. Utukufu wa jeshi umebaki uleule, maneno yaleyale, shaba ndiyo imeondoka. Mimi nimesoma mfumuko wa bei wa Roma chuoni, nikaujibia mtihani, lakini sikuwahi kuuelewa mpaka pale kwenye meza ya sonara tarakimu mbili zikiwaka kwenye mzani.

Na zipo mbili nyingine zinazosema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 348 watoto wa Konstantino, Constantius wa Pili na Constans, walitoa sarafu mpya zenye maneno FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati njema zimerudi. Picha yake maarufu ni askari wa Kirumi anamchoma mkuki adui anayeanguka kutoka kwenye farasi, farasi amepiga magoti, adui amegeuka nyuma ameinua mkono. Ni picha kali aisee, kwenye ile kubwa unaona mpaka vidole vya huyo mtu vimetanuka. Ile ya mwanzo mwanzo ni gramu nne na nusu na kidogo, pana, nzuri. Ya pili ni ya miaka michache baadaye, picha ileile na maneno yaleyale, gramu 2.2, farasi amebanwa mpaka kichwa chake kimekatwa na ukingo. Nyakati njema zimerudi, lakini ukizipima zimepungua nusu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawakuhitaji maelezo, mmoja akasema tu, "Mwalimu, si wangeandika ukweli." Tukakaa kipindi kizima kwenye hilo.

Sasa ile wanayoipenda wote ni ya mbwa mwitu. Upande mmoja ni mwanamke amevaa kofia ya chuma, imeandikwa VRBS ROMA, huyo ni mji wa Roma umechorwa kama mtu. Upande wa pili ni mbwa mwitu jike anawanyonyesha Romulus na Remus, juu nyota mbili. Nilipoipitisha darasani dawati kwa dawati sauti ya kwanza niliyoisikia ni "Mwalimu, huyu fisi mbona ananyonyesha watu?" na darasa zima likalipuka, maana kwa Usukumani fisi ana mambo yake na usiku hatajwi hovyo. Tukaanza upya, huyu sio fisi, huyu ni mnyama wa hadithi yao ya asili, watoto wawili waliotupwa mtoni akawaokota akawalea, wakaja wakajenga mji. Binti mmoja aliyekaa na lenzi muda mrefu akasema, mwalimu huyu mama amegeuza shingo anawaangalia watoto. Nikachukua lenzi nikatazama, kweli, kichwa kimegeuka nyuma, pua karibu iwaguse. Mchonga muhuri aliweka huruma kwenye nafasi isiyozidi ukucha wa kidole kidogo.

Ila jambo la maana kwenye sarafu hiyo ni kile ambacho hakipo. Sura ya Kaisari haipo. Na ina pacha wake kwenye seti, imeandikwa CONSTANTINOPOLIS, mwanamke mwingine wa kofia ya chuma, nyuma yake malaika wa ushindi ameweka mguu kwenye omo ya meli. Konstantino alizindua mji wake mpya tarehe 11 Mei 330 na sarafu hizi mbili zikatoka pamoja, Roma ya zamani na Roma mpya, uzito sawa, bei sawa sokoni. Fikiria wewe ni mtu wa Roma, babu zako wote wamekaa kwenye mji unaojiita kichwa cha dunia, unarudishiwa chenji unakuta mji mwingine uko kwenye sarafu una hadhi kama yako. Hakuna tangazo la serikali lingeweza kufanya hiyo kazi vizuri zaidi. Ukiwa huna hela ya seti nzima nunua hizi mbili tu.

Zilizobaki nazipitia haraka. Kuna ile yenye lango la kambi, kuta za matofali na minara miwili, imeandikwa PROVIDENTIAE AVGG, ya kawaida sana, imechakaa. Kuna ya Kaisari Valens yenye malaika wa ushindi anatembea na shada, hiyo nina ugomvi nayo nitausema. Na kuna ile ya baada ya kifo cha Konstantino mwaka 337, kichwa amefunikwa shuka, upande wa pili yuko kwenye gari la farasi wanne linapanda, na juu kabisa mkono unatoka mbinguni kumpokea. Hiyo yangu ina herufi za chini SMAL, yaani imepigwa Aleksandria, Misri. Hapo una Kaisari aliyebatizwa karibu na kufa, amepewa cheo cha kimungu cha kipagani, anapanda kwa gari la farasi kama miungu ya zamani, na anapokelewa na mkono ambao Mkristo wa wakati ule angesema ni wa Mungu wake. Kila mtu aliridhika. Eusebius, askofu aliyemwandikia Konstantino maisha yake, aliitaja sarafu hiyo.

Na kama unafikiri Konstantino aligeuka kuwa Mkristo mara moja, seti ina jibu jingine. Ipo sarafu yenye jua, SOLI INVICTO COMITI, jua lisiloshindwa, rafiki wa Kaisari, kijana uchi mwenye miale kichwani, mkono wa kulia juu, wa kushoto ameshika tufe. Vita vya daraja la Milvio, alivyoshinda Konstantino, ni 312, makubaliano ya Milano ya uhuru wa dini ni 313, na sarafu za jua zikaendelea kutoka kwenye karakana zake miaka kadhaa baada ya hapo. Mahubiri yanakwenda haraka lakini pesa inakwenda polepole.

Hapo hapo niingie kwenye ubovu, maana mapitio ya sifa tupu hayamsaidii mnunuzi.

Kwanza, kikaratasi cha hiyo sarafu ya jua kimeandikwa kuwa ni Jupita, mkuu wa miungu ya Roma. Sio. Jupita anakuwa na ndevu, na mara nyingi ana fimbo na tai miguuni, huyu hana ndevu, ana miale, na jina lake limeandikwa pembeni kabisa. Muuzaji anayeuza kwa ajili ya shule hatakiwi kukosea kitu ambacho kimeandikwa kwenye sarafu yenyewe. Pili, ile ya lango la kambi ilikuwa imepakwa udongo wa rangi ya mchanga kwenye mabonde ili herufi zijitokeze vizuri kwenye picha ya mtandaoni. Nilipoiloweka ikayeyuka yote, chini yake sarafu imesuguliwa mpaka imekuwa laini. Mchezo huu unafanywa sana, ukiona sarafu nyeusi yenye mchanga mzuuuri uliojaa kila kona sawasawa shtuka. Tatu, na hili ndilo lililoniudhi, ile ya Valens ilikuja na ugonjwa wa shaba.

Ugonjwa wa shaba sio kutu ya kijani ya kawaida. Ile kijani ngumu inayong'aa au kahawia iliyotulia ni ngozi ya sarafu, inailinda, usiiguse. Ugonjwa ni unga mwepesi wa kijani mpauko, ukiugusa na kijiti unapukutika, na chini yake kuna kishimo. Ni chumvi za kloridi zilizoingia ndani ya shaba zikiwa ardhini, zikipata unyevu zinaendelea kula, na zinakula mpaka sarafu inaisha. Sasa sisi tuko ziwani. Hewa ya Mwanza msimu wa mvua unaijua mwenyewe, nguo zinakauka siku mbili. Sarafu yenye ugonjwa ukiiweka kwenye droo Capripoint au Kirumba haichukui muda. Niliitenga na nyingine siku ileile, nikamtumia muuzaji picha, na hapa nimpe haki yake, alirudisha hela ya hiyo moja bila maneno mengi na akaomba radhi kwa ile ya Jupita.

Kwa hiyo ukizipata, fanya hivi. Usioshe na ndimu, usioshe na siki wala soda ya kola, usisugue na stilwaya, usisugue na majivu hata kama bibi alikuwa anang'arisha sufuria hivyo. Ukiondoa ile ngozi umeondoa picha na bei imekufa. Tumia maji yaliyosafishwa chumvi, kwa huku njia rahisi ni maji ya betri ya kwenye maduka ya spea, lakini soma chupa vizuri, yawe maji, isiwe tindikali, zinakaa rafu moja. Loweka, badilisha maji, piga mswaki laini, kijiti cha meno kwenye herufi, kausha kabisa. Halafu weka kwenye kopo linalofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Zangu ziko hivyo na hazijabadilika.

Sasa ile kubwa.

Nimeinunua peke yake, bei yake karibu sawa na seti nzima, na ni chakavu, nasema wazi. Ni drakma ya shaba ya Aleksandria ya wakati wa Antoninus Pius, aliyetawala 138 hadi 161. Ukiishika unaijua uzito kwanza, gramu ishirini na kitu, pana kuliko mia tano yetu. Misri ilikuwa na pesa yake tofauti na dola nyingine mpaka mageuzi ya Diocletian karibu na mwaka 296, kwa hiyo maandishi ni ya Kigiriki na sio Kilatini, na picha ni zao. Upande wa Kaisari kimebaki kivuli cha ndevu na pua. Upande wa pili ndio wenye kazi. Mzee wa ndevu amelala kwa kiwiko, kifua wazi, mkono mmoja ameshika tete, mwingine pembe iliyojaa mazao, na chini yake kuna mamba. Mamba anaonekana wazi kabisa, mkia umekunjwa, hata magamba mgongoni. Huyo mzee ni Nilus. Ni mto Nile.

Jamani. Maji ya huo mto yanatoka hapa. Kwenye sarafu za aina hiyo zilizo safi zaidi pembeni ya mungu mto kuna herufi mbili za Kigiriki za tarakimu 16, maana yake mikono kumi na sita, kipimo cha mafuriko kinacholeta mwaka wa shibe. Yakipungua njaa, yakizidi yanabomoa. Serikali ya Kirumi iliyokuwa inakula ngano ya Misri ilikuwa inaweka kipimo cha maji kwenye pesa. Sio uongo wa nyakati njema zimerudi, ni tarakimu ambayo mkulima anaweza kwenda mtoni akahakikisha mwenyewe. Niwe mkweli kwa wenzangu wa kanda ya ziwa, yale mafuriko ya kiangazi yalitoka zaidi milima ya Ethiopia, mchango wa ziwa letu ni yale maji ya mwaka mzima yasiyokatika. Lakini mzee yule amelala na mamba wake ni mto mmoja, na mwanzo wake mmoja ni huku.

Na wao walikuwa wanautafuta mwanzo wake. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, anaeleza kuwa Kaisari Nero alituma maakida wawili kupanda mto, wakafika kwenye mabwawa makubwa ya majani ambayo mtu wala mtumbwi hapiti, wakarudi. Na hapohapo Aleksandria, wakati huohuo sarafu kama hii yangu inazunguka sokoni, alikuwepo Ptolemy anayechora dunia, akaandika kuwa Nile inatoka kwenye maziwa mawili yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi, habari ambazo chanzo chake ni mfanyabiashara aliyefika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Inawezekana kabisa Ptolemy alilipia mkate kwa drakma yenye huyo mzee na mamba. Ikapita miaka mingapi mpaka Speke anasimama karibu na Mwanza Agosti 1858 anaangalia maji haya na kusema ndio hapa, wakati wavuvi wa Kikerewe na Kisukuma wako humo kwenye mitumbwi kila asubuhi.

Nimeipeleka darasani na ramani. Niliweka sarafu pale mto unapoingia baharini, nikamwambia mtoto mmoja afuate mto kwa kidole kurudi nyuma, Misri, Sudani, Uganda, Jinja, ziwa, mpaka kidole kikafika Mwanza. Kesho yake wazazi wawili walikuja shuleni kuuliza hiyo sarafu iko wapi wanaomba kuiona. Seti ile ya kumi inafundisha dola vizuri, ila hii moja ndiyo waliyoiona kuwa ni yao.

Jambo moja kwa anayetaka ya Aleksandria: Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa sheria ya mwaka 1983, kwa hiyo kabla hujalipa uliza sarafu ilitoka Misri lini na ilipitia kwa nani. Yangu ilikuja na karatasi za mkusanyiko wa zamani Ulaya. Muuzaji asipokuwa na jibu achana naye, hata kama mamba ni mzuri namna gani. Sisi tunaodai vitu vyetu virudi kutoka makumbusho ya watu hatuwezi kununua vya jirani vilivyochimbwa usiku.

Alama zangu: seti ya kumi naipa saba kwa kumi, ingekuwa nane na nusu kama wangesoma wanachouza na wasingepaka mchanga. Ile ya Nile kumi kwa kumi pamoja na uchakavu wake. Vile vifurushi vya "sarafu mia moja ambazo hazijasafishwa" vinavyotangazwa kila mahali, sifuri, sehemu kubwa ni vidude laini visivyo na herufi wala sura, utaloweka mpaka uchoke. Afadhali hela yote uweke kwenye moja inayosomeka. Mwambie muuzaji akutumie picha ya pande zote mbili kwenye mwanga wa kawaida, akupe uzito kwa gramu na kipenyo kwa milimita, na akuandikie herufi za chini kabisa zinasemaje: SMAL au ALE ni Aleksandria, ANT ni Antiokia, TR ni Trier Ujerumani, SIS ni Siscia iliyoko Kroatia ya leo, CONS ni Konstantinopoli. Sarafu isiyo na herufi hizo sio feki lazima, ila kwa kufundishia haina nusu ya utamu.

Ninayoitafuta sasa ni ya Julian, aliyetawala 361 hadi 363, ile shaba kubwa yenye fahali amesimama na nyota mbili juu ya pembe. Watu wa Antiokia walimkejeli sana kwa huyo fahali. Kwa Wasukuma hakuna atakayecheka, wataanza na kuuliza ni ng'ombe wa nani na ana uzito gani. Bei yake bado iko juu kwangu, nzuri inapita laki tatu, kwa hiyo mwenye ndugu Uingereza au Ujerumani anayeweza kuangalia kwenye minada ya huko aniambie, nitalipia nusu mbele, na sharti langu ni moja tu, pembe zote mbili zionekane.